Fundi Anajibu: Pau Iliyopungua na Tundu Lililo Karibu na Ukingo

Mafundi, jambo sana. Tunaunda ndege ya viti viwili, ya alumini, inayokuja kwa vipande. Tulikata pau za juu za mwili (zile za umbo la L) kwa urefu wa kwenye mchoro. Tulipopanga fremu zote, pau moja imepungua milimita 2 mbele. Tuunge kipande?
*Msomaji, Kampemba, Lubumbashi*

Msiunge kitu kwanza. Tafuteni tundu la mwisho la ncha hiyo, mpime kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa pau. Kwa ribiti (pini ya metali inayofunga vipande pamoja) ya inchi 1/8, yaani milimita 3.2, umbali huo usipungue mara mbili ya kipenyo: milimita 6.4. Mkipata 7 au 8, na mchoro haudai ncha hiyo iegemee kitu, pengo lenu halina madhara. Mkipata 5, pau hiyo haifai tena. Metali iliyobaki mbele ya ribiti ni nyembamba mno, nayo mzigo ukivuta huchanika kuelekea nje. Kiungo cha pau kina urefu wake na idadi yake ya ribiti, na anayevihesabu ni mtengenezaji wa ndege. Mwandikieni, mtume na picha yenye rula iliyolazwa kando ya tundu.

Kilichowaponza ni kuuamini urefu wa karatasi. Fremu nne zikikaa kila moja nusu milimita mbele ya mahali pake, milimita 2 zimekwisha kwenda. Na jua pia lina fungu lake: pau ya alumini ya mita 3 iliyopata joto nyuzi 20 zaidi hurefuka karibu milimita 1.4. Ukipima saa sita nje na kufunga kesho yake asubuhi ndani ya karakana, vipimo havikubaliani.

Kwa hiyo pau mpya ikateni ikiwa na ziada ya milimita 10 upande mmoja. Fungeni ncha nyingine mahali pake, shikizeni fremu zote kwa kliko (pini za muda zinazoshika vipande kabla ya ribiti), ndipo mchore mstari wa kukata mkifuata fremu yenyewe. Tumieni kalamu ya wino. Penseli ina grafiti, na grafiti ikikaa juu ya alumini penye unyevu huanzisha kutu. Msumari nao huacha mkwaruzo ambao kesho ni ufa. Msumeno wa chuma wa meno 24 kwa inchi unatosha kwa unene wa milimita 3, maana meno matatu hivi yanakuwa ndani ya metali kwa wakati mmoja. Kateni milimita moja nje ya mstari, iliyobaki muiondoe kwa tupa. Pakeni tupa chaki ili isizibwe na unga wa alumini. Mapigo ya mwisho yafuate urefu wa ukingo, kisha msasa namba 320 hadi ukucha ukipita usikwame popote.

Pau ikilala ndani ya kona ya kipande kingine, lazima ukingo wake wa nje ufanywe mviringo. Kona ya bati lililokunjwa si kali, ina duara lake. Pau yenye ukingo mkali hupanda juu ya duara hilo, na nafasi nyembamba hubaki chini yake. Angalieni mwanga wa tochi: ukipenya kati ya vipande viwili, bado hapajakaa. Mkiilazimisha ribiti kuifunga nafasi hiyo, bati hupinda, na shina la ribiti huvimba katikati badala ya kujaza tundu.

Na neno moja la kuangalia, kwa sababu wengi wetu tumesoma ufundi kwa Kifaransa. Kwetu *longeron* ni kwanza mhimili mkuu wa bawa. Katika michoro ya Kiingereza neno hilohilo ni pau ndefu ya mwili. Soma namba ya kipande kabla ya kushika msumeno.

Mhimili wa nyuma wa bawa hauingii vizuri kwenye mwili. Tupunguze kiasi gani?
*Msomaji, Katuba*

Nusu milimita kwa mara moja, na pale tu unapogusa. Lakini kabla ya tupa, jueni boliti itaangukia wapi. Boliti ya inchi 5/16 ina milimita 7.9, hivyo kutoka katikati yake hadi kila ukingo zibaki angalau milimita 15.9, kwenye mhimili na kwenye kishikio cha mwili pia. Ukingo wa kipande cha ndani hauonekani vikishaingiliana, ndipo makosa huzaliwa. Chukueni kipimo chake mapema, mkichore kwa wino juu ya kipande cha nje.

Tundu lichimbwe mwisho kabisa: baada ya timazi zilizoning'inizwa mbele ya mabawa yote mawili kukaa mstari mmoja, umbali kutoka ncha ya kila bawa hadi katikati ya mkia kulingana, na pembe ya mabawa kuwa sawa kushoto na kulia. Anzeni na tundu dogo, mpanue kwa hatua, mmalizie kwa rima, kifaa cha kusawazisha tundu hadi kipimo kamili.

Jirani yangu hufua shaba. Naweza kuazima tupa zake?
*Msomaji, commune ya Kenya*

Hapana. Chembe za shaba zilizonasa katika meno ya tupa hujikita kwenye alumini, na mvua zikianza Novemba kila chembe inakuwa betri ndogo inayokula alumini inayoizunguka. Tupa iliyokwisha kutumika kwa chuma nayo ni hivyo. Nunua zako, uziandike «alumini», uzitunze kwenye kitambaa chake. Jiwe la kunolea la umeme usilitumie kabisa: alumini huziba jiwe, jiwe hupata moto na laweza kupasuka usoni mwako.

Kioo cha pleksi (plastiki angavu) kilipasuka tulipokikata asubuhi ya Julai. Kwa nini?
*Msomaji, Ruashi*

Baridi. Pleksi ikipoa huwa kavu kama biskuti. Ngojeni mchana, karakana ifike nyuzi 25, kioo kikae humo kwa muda wa saa mbili ndipo mkate. Ukingo usugueni siku ileile hadi ung'ae, kwa maana mkwaruzo wa msumeno ukilala usiku kucha kwenye baridi ndio unaofungua ufa.