Faharasa kwenye Cassandra: anza na swali, kolamu baadaye

Anayetoka kwenye hifadhidata kama MySQL au PostgreSQL huja na zoea moja: swali likichelewa, anaweka faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka) kwenye kolamu. Kwenye Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye seva nyingi, zoea hilo litakuponza.

Tuchukue mfano wa stakabadhi za karafuu za Pemba. Mkulima akishapimiwa mzigo kituoni, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, mfumo unaandika namba ya stakabadhi, kituo, siku, saa, mkulima, daraja la ubora (la kwanza hadi la tatu), kilo na malipo. Kabla ya kuunda jedwali lolote, chukua karatasi uandike maswali yatakayoulizwa kila siku. Hapa ni matatu: kituo kimenunua nini leo, mkulima ameuza nini msimu huu, na stakabadhi fulani ni ya nani.

Swali la kwanza ndilo linalozaa ufunguo: PRIMARY KEY ((kituo, siku), saa, namba). Kituo na siku, vilivyofungwa kwenye mabano ya ndani, ndio ufunguo wa kugawia: huamua fungu la data likae seva zipi. Saa na namba hupanga mistari ndani ya fungu hilo. Sasa piga hesabu. Tuseme mstari mmoja ni baiti 200 na kituo kinatoa stakabadhi 500 kwa siku: fungu zima ni kama kilobaiti 100. Inashauriwa fungu lisizidi megabaiti 100, kwa hiyo nafasi ipo tele. Ungefanya daraja peke yake kuwa ufunguo wa kugawia, msimu wote ungerundikana katika mafungu matatu, seva chache zikaelemewa na nyengine zikakaa bure.

Swali la pili na la tatu ndiyo mahali wengi wanapokimbilia CREATE INDEX, amri ya kuunda faharasa. Faharasa ya kawaida haikai pahala pamoja. Kila seva ina faharasa ya mistari yake yenyewe tu. Ukiuliza namba ya stakabadhi bila kutaja kituo na siku, seva inayopokea swali haijui jibu liko wapi, hivyo inazungukia wenzake kutafuta mstari mmoja. Klasta, yaani kundi zima la seva, ikikua, swali hilo linazidi kuwa ghali. Daraja nalo lina kasoro iliyo kinyume: thamani ni tatu tu, kila moja ina mistari mingi mno. Kolamu inayobadilika kila mara, mfano hali ya malipo, ni mbaya zaidi, kwani kila badiliko huacha alama ya kufutwa ndani ya faharasa. Kwa mipangilio ya kawaida, usomaji ukikutana na alama zaidi ya 100,000 unakatishwa.

Kwa maswali hayo mawili, tengeneza majedwali mengine: moja lenye ufunguo ((mkulima, msimu), siku, namba), jengine lenye namba peke yake. Data inarudiwa, na hilo ni sawa. Diski ni bei rahisi kuliko kuzungukia klasta. Uandishi wa stakabadhi moja kwenye majedwali yote matatu ufungwe ndani ya BATCH moja ya kawaida, yaani amri kadhaa za kuandika zinazotumwa pamoja, ili yote yafike hatimaye hata seva ikianguka katikati. Lakini usiipakie BATCH stakabadhi mia ukidhani unaharakisha kazi: onyo huanza kilobaiti 5 na kukataliwa kilobaiti 50.

Jedwali la kioo, yaani MATERIALIZED VIEW, ni nakala ya jedwali yenye ufunguo mwengine, nalo linavutia kwa sababu Cassandra inakunakilia yenyewe. Tangu toleo la 4.0 limezimwa kwa chaguo-msingi na linahesabiwa la majaribio, maana linaweza kutofautiana na jedwali mama. Kwenye stakabadhi za fedha za watu, usilitumie.

Faharasa ina nafasi yake pia. Toleo la 5.0, la mwaka 2024, limeleta SAI (Storage-Attached Index), aina mpya ya faharasa ambayo ni nyepesi kuliko ile ya zamani na inamudu masafa ya namba, kama kilo zaidi ya 50. Itumie pamoja na ufunguo wa kugawia: kituo cha Wete, siku ya leo, daraja la kwanza. Hapo seva inachuja ndani ya fungu moja. Bila ufunguo, hata SAI italazimika kuzunguka.

Kabla hujapeleka kazini, washa TRACING ON (ufuatiliaji wa swali) ndani ya cqlsh, programu ya kuandikia maswali ya Cassandra, uliza swali lako, kisha hesabu seva zilizoguswa. Angalia pia amri ya nodetool tablehistograms uone ukubwa wa mafungu. Na cqlsh ikikwambia uongeze ALLOW FILTERING, yaani kibali cha kupekua mistari na kuichuja, usiongeze. Rudi kwenye karatasi ya maswali, kuna jedwali ulilolisahau.