Maswali ya Wasomaji: Bakshishi za Melini Humfikia Nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni mama mkaazi wa Mamboleo, Kisumu. Binti yangu alisomea huduma za hoteli na amefanya kazi kwa miaka kadhaa katika hoteli moja ya hapa mjini. Sasa amepata nafasi ya kuhudumu mezani katika meli ya watalii inayoanzia safari zake Marekani. Wakala alimwambia kuwa atapokea dola 1,600 kwa mwezi, lakini mkataba aliotumiwa unataja mshahara wa msingi wa dola 450, na chini yake pana jumla ya dola 950 ambayo ndiyo anayohakikishiwa. Wakala anasema kwamba pengo lililobaki litazibwa na bakshishi. Je, tuamini mkataba au maneno ya wakala? — Mama Mzazi, Kisumu

JIBU: Aminini mkataba, mama. Dola 1,600 huenda zisiwe uongo mtupu, kwa kuwa wapo wahudumu wanaofikia kiasi kama hicho miezi ambayo meli imejaa, lakini hakuna mtu atakayewajibika kuzilipa zisipopatikana. Dola 950 ndizo deni la kampuni kwa binti yako, na ndizo mnazopaswa kuzipangia matumizi.

Ili uelewe pengo hilo linatoka wapi, afadhali nieleze jinsi bakshishi za melini zinavyokusanywa siku hizi. Zamani abiria alipewa bahasha tupu usiku wa mwisho wa safari, akatia alichojaliwa, kisha akamkabidhi mkononi mhudumu wake wa meza na yule wa chumba. Mambo yalianza kubadilika karibu na mwaka 2000, meli zilipoanza kuwaruhusu abiria kula katika mkahawa wowote na kwa saa waipendayo, hivi kwamba aliyekuhudumia jana si lazima akuhudumie leo. Kampuni zikaanza kutoza ada ya kila siku moja kwa moja kwenye bili ya abiria. Katika meli nyingi zinazolenga soko la Marekani, ada hiyo sasa ni takriban dola 16 hadi 20 kwa kila abiria kwa siku, na fedha hizo huingia katika fungu moja linalogawiwa wafanyakazi kulingana na vyeo vyao.

Ukiwa mtu wa Kisumu, mfano wa karibu ni wavuvi wa Dunga, ambao hugawana mapato ya usiku baada ya mwenye mtumbwi kutoa sehemu yake na gharama za mafuta. Tofauti ni kwamba mvuvi huwaona samaki wakipimwa mbele yake, ilhali mhudumu wa meli halioni fungu lenyewe, bali huona tarakimu moja tu kwenye hati yake ya malipo mwisho wa mwezi.

Sasa tutazame mkataba wa binti yako, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotelea. Msingi ni dola 450 na hakikisho ni dola 950, kwa hiyo kuna dola 500 ambazo lazima zitoke mahali. Mikataba mingi ya aina hii husema kuwa zitoke kwanza katika fungu la bakshishi, na kampuni iongeze pale tu zinapopungua. Tuseme mwezi wa kwanza mgao wake ni dola 300: kampuni itaongeza 200. Mwezi wa pili abiria wakawa wakarimu zaidi na mgao ukafika dola 480: kampuni itaongeza 20 tu. Miezi yote miwili binti yako atapokea dola 950 zilezile, na ukarimu wa ziada wa abiria utakuwa umeipunguzia kampuni mzigo bila kumwongezea yeye chochote. Ni pale mgao unapovuka dola 500 ndipo anapoanza kufaidi, na ili afikie zile 1,600 za wakala, mgao wake peke yake unapaswa kuwa dola 1,150. Kwa maoni yangu, ada hiyo haistahili tena kuitwa bakshishi. Ni mshahara ambao mwajiri amemwachia mteja aulipe.

Huenda ukauliza ni sheria gani inayoruhusu msingi mdogo namna hiyo. Meli nyingi zinazoondoka Miami zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na sheria ya Marekani ya kima cha chini cha mshahara haiwahusu mabaharia wa meli zenye bendera ya nchi nyingine. Pride of America, ambayo huzunguka visiwa vya Hawaii, ni tofauti kwa kuwa inapeperusha bendera ya Marekani na hufuata sheria za kazi za huko. Shirika la Kazi Duniani nalo huweka kima cha chini, kilichofika dola 673 kwa mwezi Januari 2025, lakini kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya baharia wa sitaha, na mhudumu wa mezani hutegemea zaidi makubaliano baina ya kampuni na chama cha wafanyakazi. Mwulizeni wakala kama mkataba huu uko chini ya makubaliano ya aina hiyo, na mwombe nakala.

Kuna hesabu nyingine mbili ambazo wakala hatazitaja. Ya kwanza ni ya saa za kazi. Melini ni jambo la kawaida kufanya kazi saa kumi kwa siku, siku saba kwa wiki, yaani karibu saa 300 kwa mwezi, hivyo dola 950 ni kama dola 3 na senti 17 kwa saa. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unadai mfanyakazi apate angalau saa 10 za kupumzika katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku saba. Ya pili ni ya miezi. Mikataba ya wahudumu huwa ya miezi sita hadi tisa, na baada ya hapo mtu hurudi nyumbani bila mshahara hadi aitwe tena. Malipo ya likizo anayostahili kisheria mara nyingi huwa yameshajumlishwa ndani ya tarakimu ya kila mwezi. Akifanya kazi miezi minane kwa dola 950, atapata dola 7,600. Zigawe kwa miezi kumi na miwili ya mwaka, nazo ni dola 633 hivi kwa mwezi, au kama shilingi 82,000 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola. Chakula na malazi ni bure akiwa melini, na kwa kijana asiyelipa kodi ya nyumba hilo si jambo dogo, lakini si zile shilingi 206,000 (yaani dola 1,600 za wakala) ambazo pengine jamaa na chama chako mmekwisha kuzipigia hesabu.

Mwisho kwake, aulize kama hakikisho linaendelea siku ambazo meli haina abiria, kwa mfano inapokuwa gatini kwa matengenezo. Machi 2020, safari ziliposimama kwa sababu ya korona, fungu la bakshishi lilikauka duniani kote, na maelfu ya wafanyakazi walibaki melini miezi kadhaa wakisubiri kurudishwa makwao.

SWALI: Wakala mmoja anadai shilingi 80,000 za kunitafutia kazi ya melini, akisema nitazirudisha kwa bakshishi za mwezi mmoja. Je, ni halali? — Kijana wa Kakamega

JIBU: Si halali. Mkataba huohuo wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unachoweza kugharimia mwenyewe ni cheti cha afya, pasipoti na kitabu cha baharia. Gharama ya viza ni ya mwenye meli. Mafunzo ya msingi ya usalama baharini huwa na karo yake, lakini hiyo hulipwa chuoni, kama pale Bandari Maritime Academy mjini Mombasa, wala haipitii kwenye simu ya wakala. Kabla ya kutuma hata senti, uliza Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya Kenya kama wakala huyo ana leseni.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Nakuru. Mwanangu anayeishi Marekani ametulipia, mimi na mke wangu, safari ya siku saba kutoka Miami. Kwenye bili kuna ada ya huduma ya dola 16 kwa kila mtu kwa siku. Nimesikia kuwa mtu anaweza kuomba iondolewe. Nataka kuiondoa na kumpa fedha hizo mkononi yule atakayenihudumia, ili nijue zimemfikia. Je, nitakuwa nimefanya vyema? — Mwalimu, Nakuru

JIBU: Nia yako ni njema, mwalimu, lakini usiiondoe. Kwa watu wawili na siku saba ada hiyo ni dola 224, karibu shilingi 29,000, na ninaelewa kwa nini ungependa kuona inakokwenda. Hata hivyo, baadhi ya waliomo katika mgao ni watu ambao hutawaona kamwe: anayefua mashuka, anayeosha vyombo, msaidizi anayebeba sahani kutoka jikoni. Bahasha yako haiwezi kuwafikia. Isitoshe, katika baadhi ya kampuni mhudumu aliyepewa fedha na abiria aliyefuta ada hutakiwa kuziwasilisha katika fungu la wote, kwa hiyo unaweza kumtia matatani yule uliyetaka kumfaidi.

Nilivyoeleza kwa mama wa Kisumu, sehemu ya ada hiyo yaweza kuishia kumpunguzia mwajiri mzigo wake, na hilo linaudhi. Lakini abiria mmoja akifuta ada, anayeumia kwanza ni yule ambaye mgao wake ulikuwa umekwisha kuvuka kiwango cha hakikisho. Zipo kampuni zilizochagua njia nyingine: P&O Cruises ya Uingereza iliacha kutoza ada ya bakshishi mwaka 2019, ikasema kuwa gharama hiyo imo ndani ya nauli. Mwanao akikulipia safari nyingine, hilo ni jambo la kuulizia kabla ya kukata tiketi.

Kwa safari hii, iache ada ilivyo, na ukipendezwa na mtu fulani, mpe noti mkononi juu yake. Aliyepewa ziada na abiria aliyelipa ada kwa kawaida huruhusiwa kuiweka. Andika pia jina lake kwenye fomu ya maoni, maana huzingatiwa anapopandishwa cheo. Na uwe mwangalifu baani: kila kinywaji huongezwa asilimia 18 hadi 20 ya huduma, kisha risiti huletwa ikiwa na mstari mtupu wa kuandika bakshishi nyingine. Mstari huo si wa lazima kujazwa.