Tangazo langu limepita, mume wangu hata hakustuka!

SWALI: Anti shikamoo. Nina duka la masufuria na vyombo Mbuyuni hapa Moshi, nikajikamua nikalipia tangazo kwenye tivii, bei zimo, ofa imo, duka lilipo limo. Juzi likapita Yanga wakiwa mapumziko, mume wangu yuko kwenye kochi anachati, hakusikia kitu! Wifi yangu alikuwa hapohapo anachambua maharage, akanitajia mpaka bei ya sufuria kubwa. Watu wananiambia wanawake ndo tunaweza mambo mawili kwa mpigo, sasa nitangazie wanawake tu?
Mama Sufuria, Moshi

JIBU: Marahaba mama. Nimecheka jamani, tangazo la mke wake mwenyewe! Ila usikimbilie kulaumu uanaume, angalia kwanza mikononi. Maharage yanachukua vidole, masikio yanabaki huru, lakini mzee alikuwa anasoma meseji, na kusoma maneno huku unasikiliza maneno mengine ni kugombania mlango mmoja. Mpe wifi simu na mzee maharage uone.

Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry wa Uingereza aliwavalisha watu hedifoni, kila sikio na maneno yake, wafuatilie moja tu, basi lile lingine hawakujua limesema nini, ila sauti ikibadilika ya kiume ikawa ya kike wanagundua. Na mazoea hayasaidii kama tunavyojidanganya: mwaka 2009 pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watafiti Ophir, Nass na Wagner waliwapima wanaoshika tivii, simu na kompyuta kwa pamoja kila siku, wakawakuta wanashindwa zaidi kuchuja visivyowahusu.

Kwenye jinsia, yupo mtafiti wa matangazo Joan Meyers-Levy anayesema mwanamke hukusanya vipande vingi vya tangazo, mwanaume hudaka kimoja kinachong'aa akaondoka nacho. Sikatai, ila mwanasaikolojia Janet Hyde alipopitia tafiti lukuki mwaka 2005 akakuta tofauti nyingi za kisaikolojia kati yetu na wao ni ndogo au hakuna kabisa, kwahiyo kumwacha mteja kisa ana ndevu mi nakataa.

Kinachokuumiza wewe ni hiki hapa. Watafiti Petty, Wells na Brock walionyesha mwaka 1976 kwamba mtu akivurugwa mawazo hapati nafasi ya kubishana na anachoambiwa, kwahiyo hoja dhaifu inapenya kirahisi (wauza dawa za miujiza mnawajua) ila hoja nzito inapoteza nguvu. Na zako ni nzito mama, bei nzuri na sufuria nene, zinataka mtu aliyetulia!

Kwenye tivii punguza maneno, jina la duka litamkwe mwanzoni kabisa kwa sauti, lisiandikwe tu maana macho yako kwenye simu, kisha litajwe tena mwishoni, na tangazo liwe na mlio, hata sufuria ikigongwa mwiko inatosha. Bei na ofa zipeleke stetasi ya WhatsApp, huko mtu anasoma kwa nafasi yake. Halafu huyo mzee muombe akuwekee picha za masufuria kwenye grupu lao la Yanga, si ndo anakoshinda?