Moyo unakwenda mbio, yeye anasema hana hofu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma saikolojia, na utafiti wangu unahusu hofu ya mtihani. Washiriki wanajaza hojaji ya alama 1 hadi 5 huku nikiwapima mapigo ya moyo. Majibu hayapatani. Kuna dada mmoja moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, lakini akazungushia 1, yaani “sina hofu kabisa”. Msimamizi wangu anasema watu wa namna hiyo niwaondoe. Nifanyeje?
Mwanafunzi aliyekwama

JIBU: Marahaba. Huyo dada usimwondoe. Ukichagua wa kumtoa baada ya kuyaona majibu, utabaki na wale tu wanaokubaliana nawe, na huo si utafiti tena. Vigezo vya kumtoa mshiriki huwekwa kabla ya kuanza.

Mapigo ya moyo hayatakwambia ni hisia gani. Mwanasaikolojia William James alidai mwaka 1884 kwamba kuyahisi mabadiliko ya mwili ndiyo hisia yenyewe. Mwaka 1927 mwanafiziolojia Walter Cannon akampinga: mabadiliko yale yale hutokea katika hofu na katika hasira, hata katika homa. Huyo dada huenda alipanda ngazi mbio kukuwahi. Ulimpima akiwa ametulia kwanza? Kama hukumpima, hiyo namba huna cha kuilinganisha nacho.

Usidhani uso ungekusaidia zaidi. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Carney Landis aliwachora watu alama nyusoni kwa masizi, akawapiga picha wakipitia mambo ya kuudhi na kutisha, mojawapo kukata kichwa cha panya hai. Hakupata sura moja ya kudumu kwa kila hisia, na wengine walitabasamu katikati ya kero. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu jaribio lile, na ni haki kabisa. Ila hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo: hofu ya kweli haturuhusiwi kumtia mtu, na ile ndogo ya maabara haifanani sana na ya maisha.

Hiyo 1 nayo nina mashaka nayo. Huenda aliona aibu kukiri. Huenda anachokiita hofu ni kutetemeka na kulia, na hili la kwake analiita hamu ya kufanya vizuri. Basi amejibu kweli tupu. Tena ulimwuliza lini? Mtu akiulizwa katikati ya jambo, swali lenyewe humgeuza hisia. Akiulizwa baadaye, anakupa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyemaliza mtihani salama imeshapoa.

Kama maadili ya utafiti wako yanaruhusu, mwite umwombe akusimulie kwa maneno yake dakika zile zilivyokuwa. Usimtajie neno hofu mpaka alitaje mwenyewe. Mapigo na hojaji viripoti kila kimoja peke yake. Usivijumlishe kupata wastani, maana havipimi kitu kimoja. Kutopatana kwa vipimo hivyo viwili kuandike kama tokeo. Wengi tumejifunza zaidi kwa washiriki kama huyo kuliko kwa waliokaa sawasawa kwenye mstari.

Msimamizi wako mwendee kwa adabu na uchambuzi wa aina mbili mkononi, mmoja ukiwa na washiriki wote, mwingine bila hao anaotaka watoke. Mwombe zote mbili ziingie kwenye ripoti.