Kabla Hujagusa Mchanganyiko, Angalia Kioo Chako

Miezi minne ya mwanzo ya utafiti wangu wa uzamili pale Dar es Salaam iliishia kwenye mizani. Nilikuwa natengeneza utando wa oksidi ya zinki yenye alumini, ule unaopitisha mwanga na umeme kwa pamoja, kwa ajili ya uso wa seli ya sola. Utando ukitoka na ukungu mweupe, au multimita ikisoma megaohmu (mamilioni ya ohmu, yaani umeme karibu haupiti), nilipunguza alumini. Kisha nikaiongeza. Asilimia 1, 2, 3, tena 1. Daftari lilijaa asilimia, na kosa halikuwa huko.

Mchanganyiko wenyewe unajulikana: asetati ya zinki, nitrati ya alumini kidogo (atomi 1 au 2 kwa kila 100 za zinki), methoksiethanoli ya kuyeyushia, na monoethanolamini yenye moli sawa na za zinki ili mashapo yasijitenge. Koroga kwenye nyuzi 60 kwa saa mbili, ulaze usiku kucha. Tafadhali sana, methoksiethanoli inadhuru uzazi, wa mwanamke na wa mwanamume. Ifanyie kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, vaa glavu, na mjamzito asikaribie kabisa.

Sasa kioo. Kioshe kwa sabuni, maji yaliyoondolewa madini, asetoni, halafu isopropanoli. Baada ya kusuuza, kiinamishe maji yatiririke: yakitanda kama karatasi, kioo ni safi, yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Mimi nilikuwa nakishika kwa vidole baada ya kukiosha, na matundu kwenye utando yalikuwa palepale vidole vilipogusa.

Ukungu mweupe ulinisumbua zaidi wakati wa masika. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na tabaka bichi likikaa nje hata dakika chache linaanza kubadilika kabla halijakauka. Dawa niliyoipata ni kuwasha jiko la umeme mapema, lifike nyuzi 300, ndipo nidondoshee kioo mchanganyiko, nikizungushe kwa mizunguko 3,000 kwa dakika ili usambae na kukihamishia jikoni papo hapo kwa dakika 10. Usifupishe dakika hizo. Tabaka lisipokauka vizuri, tone la tabaka linalofuata linaliyeyusha, nawe unadhani umepaka mara kumi kumbe umebaki na unene wa mara tatu. Kila tabaka ni kama nanomita 20 au 30, kwa hiyo kumi zinahitajika kweli.

Baada ya hapo nilichoma kila kipande tanurini kwa nyuzi 500, hewani. Kilitoka maangavu, kizuri machoni, na hakipitishi umeme wa maana. Oksijeni ya hewani hujishika kwenye mipaka ya chembechembe za utando na kunasa elektroni zilezile tulizoziongeza kwa alumini. Kwa hiyo kuna kuchoma kwa pili, nyuzi 400 hivi, ndani ya ombwe (pasipo hewa) au ndani ya naitrojeni yenye haidrojeni asilimia 5. Maabara yetu haikuwa na gesi hiyo. Niliomba nafasi kwenye tanuri la ombwe la idara nyingine. Kipande cha kwanza kilishuka kutoka megaohmu hadi chini ya ohmu 1,000 kwa mraba, kipimo cha ukinzani wa utando mwembamba. Alumini ilikuwa asilimia 1, ileile niliyoikataa mwezi wa kwanza.

Multimita haitoshi kupimia, kwa sababu inahesabu pia ukinzani wa pale ncha zinapogusa. Tumia ncha nne zilizopangwa mstari: mkondo upite za nje, volti zipimwe za ndani, gawanya volti kwa mkondo, zidisha kwa 4.53. Pima siku hiyohiyo. Unyevu wa kwetu huanza kuula utando huu taratibu, kwa hiyo vipande vyangu nilivihifadhi kwenye chupa yenye silika jeli, kifuniko kimekazwa.