Tanganyika ilizaliwa kwa damu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la sita alipewa kazi ya kutunga shairi la Uhuru, nami nikamsaidia mstari wa kwanza: "Tanganyika ilizaliwa, kwa damu kumwagwa vitani." Mwalimu wake kaupiga wino mwekundu mara mbili: "mizani imezidi" na "si kweli". La mizani nakubali. Hilo la pili limeniudhi. Kwani wazee wetu hawakumwaga damu? Na mbona hata Wimbo wa Taifa hauwataji? – Baba wa mwanafunzi, Morogoro.

JIBU: Marahaba, baba. Tuanze na jepesi. Kila kipande chako kina mizani (silabi) tisa badala ya nane. Kata "i" na "kwa", utapata: "Tanganyika lizaliwa, damu kumwagwa vitani." Nane kwa nane, kazi imekwisha.

La pili, nyote wawili mna haki. Bendera ya Tanganyika ilipopanda Desemba 9, 1961, haikupandishwa na vita. TANU, iliyoanzishwa Julai 7, 1954, ilitembea kwa kadi, mikutano ya hadhara na kura. Ila damu ilimwagika kabla, tena hapo hapo mkoani kwenu: boma la Mahenge lilivamiwa Agosti 1905, katika vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Wapiganaji wale walikuwa Wapogoro, Wamatumbi, Wangoni, Wangindo. Hakuna aliyejiita Mtanganyika, maana Tanganyika ilikuwa bado ni jina la ziwa tu. Nchi ilipewa jina hilo na Waingereza mwaka 1920. Ni washairi waliokuja baadaye wakaishona 1905 na 1961 kuwa kanzu moja. Wewe nawe umeshona, lakini umebana mshono: miaka hamsini na sita ndani ya mstari mmoja! Mwalimu kaona uongo, mimi naona haraka.

Nawajua washonaji hao, maana nilikuwa mmoja wao. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, shule zilijaa ngonjera, yale mashairi ya kujibizana, mjinga anauliza na mwerevu anamjibu. Mimi nilipewa umjinga, na ndevu za katani. Mgeni rasmi amekaa mbele, ndevu zikadondoka ubeti wa tatu, nikasahau mpaka jina la adui yetu. (Alikuwa Ubepari.)

Sasa Wimbo wa Taifa. Usikilize vitenzi vyake: ibariki, wabariki, dumisha. Hauna hata kimoja cha wakati uliopita. Ule si utenzi wa kusimulia vita, ni dua, na asili yake ni wimbo wa kanisani alioutunga Enoch Sontonga kule Afrika Kusini mwaka 1897. Ndiyo maana ubeti wa kwanza unaombea Afrika nzima, sisi tunangoja zamu yetu ubeti wa pili. Jirani zetu Wakenya nao ni hivyo hivyo: "ilete baraka kwetu", "natukae na undugu". Hata Nyerere, aliposema mwaka 1959 kwamba tungependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, aliomba umulike nje ya mipaka yetu, ulete matumaini pasipo na matumaini. Taifa lenyewe lilikuwa bado miaka miwili, na tayari lilishapewa kazi ya kufanya.

Kuna jambo moja dogo linalonifurahisha kila ninapousimamia wimbo ule. Mwaka 1961 tuliimba "Mungu ibariki Tanganyika". Muungano ukaja Aprili 1964, Oktoba tukapata jina jipya. Ta-nga-nyi-ka, nne. Ta-nza-ni-a, nne. Nchi mbili zikaingia mahali pa moja, na mwimbaji hakulazimika kuvuta pumzi ya ziada.

Basi binti aanze na Mahenge, ubeti mzima. Kura na kadi za TANU zingoje ubeti wa pili. Na mistari yake yeye mwenyewe mbona hukuniletea? Umeniletea wako tu, baba.