Nyumba ya Marehemu Babu Imechakaa na Fedha ni Chache

SWALI: Mimi na ndugu zangu tumerithi nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe, Unguja. Rangi inabanduka na kuta zina unyevu. Fundi anashauri tuzipige zote lipu ya saruji. Kwa fedha kidogo tulizochanga, tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anzeni juu, kwenye paa na mifereji yake, kwa kuwa rangi yoyote mtakayopaka kabla ya kuyazuia maji ya masika itabanduka tena. Ushauri wa saruji ukataeni kwa adabu. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hufyonza unyevu na kuutoa, ilhali saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi mvuke kwa urahisi, huufungia ndani, chumvi ikajikusanya na lipu ikapasuka, huku ncha za boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani zikioza taratibu. Bandueni sehemu zilizolegea tu, mzipige lipu ya chokaa na mchanga, kisha mpake chokaa nyeupe.

Nyaya kuukuu za umeme zisisubiri, hata ikibidi jiko libaki kama lilivyo. Mlango wa kuchonga, kama bado upo, msishawishike kuuuza.

Kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ombeni kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla fundi hajagusa ukuta.